Mashine ya Kuonea Harusi Niliyoisusa

Nilinunua mashine ya blurei ili nikione kiti changu. Nasema mapema, mtu asije akadhani nilikuwa na hamu ya sinema. Sinema sizijui na sina haja nazo. Nilitaka kuona kiti kimoja chenye kitambaa cheupe, ndani ya ukumbi mmoja wa Korogwe, kikiwa hakina mtu.

Binti yangu ni mmoja tu, kitinda mimba nyuma ya wavulana wanne. Aliolewa mwaka juzi na kijana wa Makuyuni, watu wanaojiweza na wanaojua kwamba wanajiweza. Siku walipoleta mahari hapa Misima walijaa mikeka mitatu, kanzu zimepigwa pasi mpaka zinasimama zenyewe, wakatoa bahasha moja. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wetu, akaipokea kwa mikono miwili. Mimi nikauliza kutoka mlangoni, "Na mkaja wangu uko wapi?"

Mmoja wao akacheka kidogo. "Mama, usiwe na wasiwasi. Mkaja umo humo humo ndani ya bahasha."

Humo humo. Kama chumvi kwenye mboga.

Mkaja kwetu ni nguo. Mwanamke akijifungua hufungwa nguo tumboni ili tumbo lirudi. Na siku binti aliyetoka katika tumbo hilo anapoolewa, mama wa bwana harusi huja na nguo mpya, akaiweka mapajani mwa mama wa binti, kwa mikono yake mwenyewe, watu wakiona. Maana yake ni kwamba tumejua huyu mtoto ametoka wapi. Fedha ni mambo ya wanaume, wagawane wanavyotaka. Binti huyu nilimzaa njiani nikitoka shamba, mihogo imemwagika pembeni, na hakuna aliyenifunga nguo. Nilijifunga kanga ileile niliyokuwa nimevaa, nikaokota mihogo niliyoweza kuibeba, nikamleta nyumbani. Halafu mtu ameteremka kwenye gari ananiambia umo humo humo.

Nikatoka nje nikasimama mbele yao. "Ndoa itafungwa hapa kwangu. Nitapika na mtashiba. Lakini kwenye sherehe yenu huko Korogwe sikanyagi mpaka nguo yangu iwekwe hapa." Nikajipiga mapajani. Wakadhani natania. Watu wengi hudhani natania, sijui kwa nini, maana sina sura ya utani.

Ndoa ikafungwa Ijumaa. Nilipika pilau masufuria manne na hakuna aliyelalamika. Jumamosi wakaanza kupanda magari kwenda kwenye sherehe. Binti yangu akaja jikoni, amekwisha kupakwa rangi usoni, akanipigia magoti kwenye majivu.

"Mama, twende. Ukifika huko watakupa."

"Nikifika huko ndipo wanipe, nimekwenda kuomba. Inuka, unachafua nguo."

"Mama, kiti chako kipo mbele kabisa, wamekiandika."

"Kibaki wazi. Wakione."

Akaondoka analia, na rangi ikimtiririka. Mimi nikabaki nachambua choroko. Nilichambua choroko ya wiki nzima siku ile.

Mke mwenzangu alikwenda. Hapa lazima nimweleze. Mume wetu alituoa wawili, mimi bi mkubwa, yeye bi mdogo, na alipokufa alituacha katika uwanja mmoja, nyumba yangu huku na yake kule, choo katikati. Yeye hakujaliwa mtoto. Binti yangu alilala kwake tangu nilipomwachisha ziwa, kwa sababu mimi nilikuwa na wavulana wanne wa kulisha na shamba lipo mbali. Yeye ndiye aliyemsuka nywele, yeye ndiye aliyemfundisha kukaa kama mtu mzima. Mimi nilimzaa na nikamlisha. Nilikuwa nadhani hesabu hiyo inaeleweka.

Aliporudi Jumapili nilimkuta anavua viatu mlangoni kwake, hata sikumsubiri apumzike.

"Haya. Kiti?"

"Kilikuwepo."

"Kuna aliyekikalia?"

"Hapana, bi mkubwa."

"Na watu waliona?"

"Wataachaje kuona? Kiti cha mbele!"

"Na yule mama wa kijana alifanyaje?"

Akakikung'uta kiatu alichokishika. "Aliinamisha macho," akasema.

Nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kama mtu aliyekula nyama ya kifua. Furaha hiyo ilinikaa mwaka mzima. Nikienda kisimani nilikuwa nayo. Nikisikia watu wa Makuyuni wanatajwa, namwona yule mama ameinamisha macho, na najisikia vizuri.

Basi binti yangu alipojifungua, mjukuu wangu wa tisa, akaniletea kikapu kupitia kwa mtu anayekuja huku. Ndani kulikuwa na sabuni, majani ya chai, picha ya mtoto, na kasha jembamba la buluu lenye diski. Kikaratasi kikasema: Mama, hii ni harusi yetu. Samahani imechelewa.

Mwanangu wa kwanza alikwisha kuniletea runinga pana kama mlango pamoja na hom thieta yenye deki ndani yake, sabufa kubwa na spika tano. Nikiweka kaswida, hata wa kijiji cha pili wanajua leo nipo nyumbani. Nikaitia diski. Ikazunguka, ikakohoa, ikazunguka, kioo kikaandika maneno. Nikaitoa, nikaifuta kwa upande wa kanga, nikairudisha. Ikakohoa tena.

"Imeharibika hiyo," akasema bi mdogo, ambaye alikuwa amesimama mlangoni bila kuingia. "Tupa tu."

"Nitupe harusi ya mwanangu?"

"Si uliisusa?"

Nikampigia simu mwanangu wa kwanza. Akaniuliza diski ina rangi gani chini. Nikaigeuza kwenye mwanga, nikamwambia inavuta buluu kama mafuta ya taa. "Mama, hiyo ni blurei. Wapigapicha wa mjini wanawatoza watu kwa hiyo. Ina picha safi sana, lakini deki ya kawaida haiisomi, inataka mashine yake. Mwambie dada akutumie kwenye flashi, ni dakika tano tu."

"Simwambii mtu."

"Mama, ni mtoto wako."

"Ndiyo maana simwambii. Nikianza kuomba flashi, watajua nilikuwa nataka kuona."

Akacheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akaniambia, kama nimeng'ang'ania, nisiende dukani bila kujua nyuma ya runinga na nyuma ya hom thieta kuna matundu gani, nipige picha. Simu yangu haina picha. Nikachukua boksi la sabuni, nikalipasua, nikapiga magoti nyuma ya vyombo vile na kipande cha mkaa, nikachora kila tundu. La bapa nikachora bapa. La mviringo nikachora mviringo. Lenye rangi nyekundu nikalipaka tope jekundu, jeupe nikaliacha. Namba nikaandika kama zilivyo. Nimeishia darasa la tatu, lakini namba hazijawahi kunipiga chenga.

Nikamwambia bi mdogo kesho nakwenda Korogwe. Akasema tutakwenda wote. Nikashangaa, maana hapendi safari. Nikadhani amenihurumia.

Duka lenyewe liko nyuma ya soko, linauza vitu vilivyotumika vya nje. Runinga zimepangana kama matofali. Mwenyewe ni mtu mzima kidogo, tumbo limetangulia, akaniamkia vizuri, "Shikamoo bibi, shikamoo mama, karibuni, tutafute redio?"

"Marahaba. Natafuta mashine ya blurei."

Akanitazama. Akamtazama bi mdogo, kama anayeuliza huyu ni mzima. Bi mdogo akasema, "Kama huna, sema tu huna. Twende, bi mkubwa."

"Ninazo, mama, ninazo!" Akashusha moja, nzito, nyeusi, inang'aa. "Hii ni mali ya Japani. Huko wanaitumia mpaka mzee anamwachia mtoto."

Nikaigeuza. Nyuma kwenye kile kibati kidogo nikaona mia moja na herufi ya umeme. Zamani tuliwahi kuunguza redio ya mume wetu kwa namba hiyohiyo, ilitoa moshi kabla haijatoa habari. "Hii inakunywa umeme wa mia," nikamwambia. "Kwangu unakuja mia mbili na zaidi. Nitawasha au nitachoma?"

"Aa, bibi, utatafuta transfoma tu."

"Kwa hiyo unaniuzia mashine nikanunue na dawa yake."

Watu wawili waliokuwa wanachagua spika wakacheka. Mwenye duka naye akacheka, na tangu hapo akanichukulia kama mteja. Akaleta mbili nyingine zenye plagi kubwa ya miguu mitatu, zikasema mia mbili na arobaini. Moja nyembamba kama daftari, mpya mpya, na nyingine nene, imekwaruzwa mgongoni.

"Chukua hii nyembamba, bibi. Ya kisasa, nyepesi, hata mdomo wake unafunguka bila kelele."

Nikatoa boksi langu la sabuni, nikaliweka juu ya meza. Akaliinamia. Kwanza alicheka, kisha akaacha kucheka, akaita, "Njooni muone! Huyu bibi amechora mgongo wa runinga!" Halafu akaniambia kwa sauti ya kawaida, "Bibi, mafundi wangu wangekuwa wanachora hivi, ningekuwa tajiri." Akaweka kidole. "Runinga yako ina matundu bapa mawili, moja lina king'amuzi. Lingine hili ndilo la picha. Lakini hom thieta yako ni ya zamani, haina tundu bapa la kuingizia sauti. Ina haya ya mviringo tu, jekundu na jeupe."

"Nimekuonyesha."

"Umenionyesha. Sasa hii nyembamba ina tundu bapa moja tu, basi. Picha utapata, ila sauti haitafika kwenye spika zako, itabaki mle kwenye runinga, nyembamba kama ya mbu." Akaigeuza ile nene. Nyuma, chini ya mikwaruzo, kulikuwa na tundu bapa, na pembeni yake jekundu na jeupe.

"Hiyo," nikasema.

"Mbaya hiyo," akasema bi mdogo. "Imechakaa. Itakufia."

"Hata mimi nimechakaa. Iwashe tuone."

Akatia diski yake ya kujaribia, samaki wa rangi wakaogelea kwenye runinga kubwa, kila gamba unaliona. Mashine ilichukua muda kuamka lakini ilipoamka haikukohoa. Akaniambia nimpe ya kwangu ajaribu. Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Nikakataa. Nikamwambia mwanangu ameshaolewa mara moja, sitaki aolewe tena dukani watu wamesimama. Bi mdogo akashusha pumzi, niliisikia. Nikadhani ni joto.

Fedha nilizipata kwa kuuza nilichouza, nikalipa, tukarudi Misima na mashine, na waya bapa mmoja, na waya wenye vichwa vyekundu na vyeupe. Mwenye duka aliniambia kitu cha mwisho: sauti ya runinga niizime kabisa, isije ikagombana na ya spika.

Sasa kosa langu. Kabla sijaiona diski yenyewe, niliwaalika wanawake. Kwetu chombo kipya hakifunguliwi na mtu peke yake, na mimi sijawahi kufanya jambo zuri gizani. Nikawaambia wenzangu wa kikundi chetu cha kuzika na kuzikana, njooni Jumapili baada ya alasiri, muone harusi, na muone kiti changu. Hivyo hivyo, nilisema, "muone kiti changu." Wote walikuwa wanajua habari ya mkaja. Wengine walikuwa wameniunga mkono waziwazi.

Wakaja kumi na zaidi, na karanga zao, na wajukuu mgongoni. Tulianza kuunga waya wao wakiwa wameshakaa. Waya bapa niliuchomeka mwenyewe, upande mmoja kwenye mashine, mwingine kwenye tundu la pili la runinga. Bi mdogo ni mwembamba kuliko mimi, akaingia nyuma kwenye kona kuchomeka mwekundu na mweupe kwenye hom thieta. Nikamwambia mara mbili, "Panapoandikwa kuingia, siyo kutoka. Kwa Kizungu ni herufi mbili, siyo tatu."

"Nimeona, nimeona."

Nikawasha. Runinga ikasema hakuna mawimbi. Wanawake wakaguna. Mmoja akasema, "Bibi, mpigie fundi." Nikamwambia fundi ndiye anayekutazama. Nikachukua rimoti, nikabonyeza kile kitufe cha kuhamisha tundu mpaka nikafika la pili, na kioo kizima kikajaa ukumbi. Nasema kikajaa. Maua mekundu, taa, vitambaa vyeupe, unaona mpaka jasho la mpishi. Wanawake wakapiga vigelegele. Binti yangu akaingia na mumewe, mzuri, jamani, mzuri, na macho yamevimba kidogo, hakuna aliyeliona hilo ila mimi.

Sauti haikuwepo. Runinga nimeizima sauti kama nilivyoambiwa, na spika zote tano ziko kimya. "Bi mdogo, waya umeingia?" "Umeingia." "Mbona haisemi?" "Picha inatosha, bi mkubwa. Picha si ndiyo hiyo?" Wanawake wakasema ndiyo, inatosha, acha tuone. Tukaendelea kutazama watu wakifungua midomo.

Nikakiona kiti. Mbele, kulia kwa meza ya maharusi, kina utepe wa dhahabu, wazi. "Kile pale!" nikawaambia. "Kile pale, si nilisema?" Wakapiga makofi kidogo, mwingine akasema, "Wewe ni mwanamke!" Nilikuwa nimesimama. Nilikuwa na rimoti mkononi kama fimbo.

Kisha mama wa bwana harusi akasimama. Kwenye mikono yake miwili, kwenye sinia, kulikuwa na doti ya kanga mpya, imekunjwa, na juu yake ua. Akatembea mpaka katikati ya ukumbi. Mshereheshaji akasema kitu, watu wakageuza shingo. Yule mama akasimama na sinia lake mbele ya kiti changu kisichokuwa na mtu. Hakuinamisha macho. Alikuwa anatazama mlangoni, na binti yangu alikuwa anatazama mlangoni, na ukumbi mzima ukatazama mlangoni. Walikuwa wananingoja.

Nikaishusha rimoti.

Na hapo, kutoka meza ya nyuma, akainuka mtu mwembamba mwenye ushungi wa kijani. Akapita katikati ya watu, akaja, akakaa kwenye kiti changu. Mama wa bwana harusi akapiga magoti, akaiweka ile nguo mapajani mwake. Watu wakainuka. Binti yangu akateremka jukwaani, akamkumbatia, akaficha uso kwenye shingo yake, na hakutoka hapo upesi.

Mwanamke aliyekaa mbele yangu akageuka, karanga mdomoni. "Bi mdogo, huyu si wewe?"

Nikasimamisha picha. Nikaenda nyuma ya hom thieta mwenyewe, nikajibana kwenye kona mpaka gauni likachanika, nikapapasa. Waya ulikuwa kwenye matundu ya kutoka, yale ya herufi tatu. Nikauchomoa, nikauhamisha. Mpaka leo sijui kama alikosea au alikusudia, na sikumuuliza, kwa sababu majibu yote mawili yangeniudhi. Nikarudisha nyuma mpaka pale mama yule anaposimama na sinia, nikaachia.

Sauti ikaja kutoka pande tano. Sabufa ikatikisa vikombe. Mshereheshaji akasema, "Mama mzazi wa bibi harusi! Mkaja wako huu hapa, umeletwa na mkwe wako, mbele ya watu wote kama ulivyotaka! Mama mzazi, uko wapi?" Halafu kimya. Halafu mara ya pili, "Mama mzazi?" Halafu watu wakaanza kunong'ona, na kunong'ona huko kukatoka kwenye spika ya nyuma yangu kana kwamba wamesimama chumbani kwangu. Na juu yake, karibu sana na kipaza sauti, nikasikia mwanangu akisema, "Mama mdogo. Mama mdogo, simama wewe. Tafadhali, simama."

Nikazima.

"Ulisema hakuna aliyekikalia," nikamwambia.

Bi mdogo alikuwa ameshika nguzo ya mlango. "Nilisema."

"Ulisema aliinamisha macho."

"Uliniuliza kwa namna ya mtu anayetaka kuambiwa hivyo. Ningekuambia wamekuletea nguo hukuwepo? Ungelala?"

"Ungeacha kiti wazi!"

"Mtoto amesimama mbele ya watu mia tatu, anaulizwa mama yako yuko wapi! Ulitaka aaibike?"

Na mimi nikasema ukweli, wanawake wote wanasikia. "Ndiyo. Nilitaka."

Mmoja akasema astaghafiru. Lakini sikuwa nimemaliza, ulimi wangu haujui kukaa nusu. Nikamwambia mke mwenzangu kwamba mkaja ni wa tumbo lililobeba. Nikamwambia kiuno chake hakijawahi kubeba hata mimba ya miezi miwili, na amejifunga nguo ya jasho langu, ya njia ya shamba, ya mihogo iliyomwagika. Nilisema hivyo. Nimezeeka naye, tumemzika mume mmoja, na katika miaka yote ya kugombania choo na kuni sikuwahi kulitamka neno hilo. Siku ile nililitamka mbele ya watu kumi na zaidi.

Wanawake wakaanza kutafuta viatu. Hakuna aliyeaga vizuri. Mmoja akachukua mjukuu asiyekuwa wake, akarudi kumbadilisha.

Bi mdogo akavuka uwanja, akaingia kwake. Akarudi na ile doti, imo ndani ya mfuko wake wa nailoni, haijakatwa wala kupindwa, ua limekaukia juu. "Sikuifunga hata siku moja," akasema. "Nimekutunzia. Nilikuwa natafuta siku." Akaiweka mapajani mwangu.

"Wewe si mkwe wangu," nikamwambia, nikasimama, ikaanguka chini.

Akaiokota. Akaikung'uta vumbi taratibu, upande huu na upande huu. Hakulia. Ningependa kusema alilia, ningejua la kufanya. Alisema tu, "Siku ile moja niliitwa mama nikaitika. Nisamehe kama ilikuwa ni yako." Akaenda.

Tangu hapo tunapika vyungu viwili. Zamani alikuwa akisonga bada, ugali wetu wa muhogo, mimi natengeneza mboga, sasa kila mtu anakula chake akiwa amegeuzia mwenzake mgongo. Wanawake wa kikundi wananisalimia kwa adabu nyingi kuliko zamani, adabu ambayo siipendi. Ile mashine inafanya kazi vizuri, haijaleta tatizo lolote. Mwanangu wa kwanza ameniletea diski mbili za hija, picha safi, unaona nyuzi za ihramu. Ya harusi imo kwenye kasha lake. Nimeitazama mara nyingi zaidi ya ninavyopenda kukiri, mchana, mlango umefungwa, na kila mara naacha ifike pale wanapotazama mlangoni, halafu naitoa.

Juzi binti akapiga simu. Mtoto ameanza kukaa. Tukazungumza habari ya mtoto, meno, tumbo, usingizi. Kisha akasema, "Mama, ile diski uliiona?"

"Niliiona."

"Nilisikia umenunua mashine kabisa."

"Nilinunua."

"Picha ilitoka vizuri?"

"Vizuri."

"Na sauti?"

"Na sauti pia."

Nikamsikia anahamisha mtoto bega hadi bega. Nilingoja aseme kitu, hata cha kunigombeza. Naye nadhani alikuwa ananingoja mimi. Kwa ukaidi sote wawili ni kama tumbo moja, maana hakuna aliyesema.

"Basi, mama," akasema mwishoni. "Mama mdogo yupo? Simu yake haipatikani siku tatu. Nipe nimsalimie."

Alikuwepo. Nilimwona kupitia dirisha, amekaa kwenye kigoda chake anapepeta mahindi, na haya ya kwangu ya kumpelekea simu ilikuwa nzito kuliko ile mashine ya Japani niliyoikataa dukani. Nikavuka uwanja. Nikamnyooshea simu bila kumtazama usoni, nikasema, "Mwanao."

Akajifuta mikono, akaipokea. Mimi nikabaki nimesimama palepale kwenye jua, nikisikia wanavyocheka, nikingoja nirudishiwe simu yangu.